Maji ya Dhieu

Jumanne, 4 Machi 2025
Lodwar. Leo nimechomwa sindano ndani ya jicho. La kulia — lile zima. La kushoto liliungua chokaa nikifanya kazi Kitale, limebaki ukungu. Ndilo linaloniongoza kuandika sasa, herufi kubwa kama za nasari, maana la kulia limefunikwa. Daktari anasema sukari imefanya mishipa ivuje na sindano itaizuia. Ametoka Eldoret, atarudi huko Jumamosi.

Sindano yenyewe haikuuma. Nesi Akidor alitia kwanza tone la ganzi, halafu iodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda. Akapaka kope, akapaka shavu, akaitia mpaka jichoni, akangoja. Nikamwambia ananipaka rangi kama ukuta. Akacheka. Akasema ukuta hauozi, jicho huoza: kijidudu kikiingia na sindano, basi. Ganzi ikiisha dawa itachoma. Niiache ichome. Nisisugue, nisitie maji. Maumivu yakizidi au ukungu ukiingia, nipige simu siku hiyohiyo.

Niliitikia tu. Mawazo yangu yalikuwa Kakuma, kwenye ukuta ambao hatujamaliza.

Jumatano, 5 Machi
Jana ganzi iliniishia njiani. Jicho likawaka! Nilishuka mjengoni — tunajenga madarasa Kakuma kando ya laga, ule mto mkavu — nikawakuta wenzangu wanasafisha miiko. Nikasema neno moja: jicho.

Mjengoni neno hilo haliulizwi maswali. Simiti ikimwingia mtu, aliye karibu anatupa alichoshika na kukimbilia maji. Kitale hakuna aliyenikimbilia. Ndiyo maana hapa nimewafundisha wote, hata wageni: kikichoma, osha.

Dhieu alifika wa kwanza. Ni mpiga plasta, mkimbizi kutoka Bor, anaishi kambini. Alinishika kichwa kama mama, akafungua kope kwa vidole, akanimwagia mtungi wote. Maji ya kukorogea simiti, yaliyochotwa kwenye shimo la laga, mbuzi nao wanakunywa hapo hapo. Mchomo ukapoa. Nikamwambia Mungu ambariki.

Leo asubuhi chai ikiwa mdomoni ndipo maneno ya Akidor yakanirudia. Nikaweka kikombe chini.

Labda si kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Jicho jekundu. Nimefanya kazi hivyo hivyo. Kipkemboi, msimamizi, anasema Kakuma kila mtu ana macho mekundu, hata mbuzi. Dhieu aliuliza kama maji ilisaidia. Nikasema ilisaidia.

Nyumbani Butere sijamwambia mtu, hata binti yangu Rispa.

Ijumaa, 7 Machi
Maumivu yameingia ndani, nyuma kabisa. Yanapiga pamoja na moyo.

Mchana niliweka pima-maji ukutani nione kama umenyooka, nikatafuta kile kiputo cha hewa. Hakuna. Nikadhani kioo kimevunjika, nikampa Dhieu alaani pamoja nami. Akaangalia. Akaniangalia mimi. Akasema iko hapa, Baba Rispa, katikati kabisa.

Nikaketi juu ya matofali. Nikafumba jicho la kushoto, nikatazama kwa la kulia. Nikaona weupe tu, kama maziwa.

Nilimpigia Akidor. Aliuliza kama maji yaliingia. Nikasema ndiyo. Halafu akasema nije sasa, atamwomba daktari asiondoke. Gari zimeisha. Kipkemboi amepata lori la mchanga, litaondoka alfajiri. Hakutania tena.

Dhieu anataka kuja. Nimemwambia abaki, plasta itakauka vibaya. Akasema, "Nani atakuonyesha njia? Ukuta?"

Sikumwambia Akidor ni maji ya nani.

Jumamosi, 8 Machi
Lodwar. Daktari ameahirisha safari. Alimulika jicho muda mrefu, akaongea na Akidor kwa Kiingereza, haraka. Kwa Kiswahili alinipa kifupi: wadudu wako ndani. Atatoa maji kidogo ya jicho, kisha atachoma sindano nyingine, ya kuua wadudu. Nikamuuliza kama nitaona. Akasema tuanze kwanza. Nikamuuliza kama ni maji yaliyoniosha. Akasema huenda ni hayo, huenda wadudu waliingia na sindano yake, hilo hawezi kuapa.

Dhieu alikuwa nyuma yangu. Alisikia yote.

Tuko benchi nje ya chumba. Akidor ametia ganzi, ametia dawa ya kahawia, amekwenda kuandaa. Jicho lililovimba halisikii ganzi. Hii inachoma kuliko chokaa ya Kitale! Naandika ili mikono yangu isiende usoni.

Neno limenitoka. Jicho. Sikutaka.

Dhieu ameinuka papo hapo. Alikuwa ameshafika kwenye bomba la ukutani kando ya benchi, kikombe mkononi, nikamdaka shati.

"Kaa, ndugu yangu. Acha ichome."

Amekaa. Kikombe kitupu kiko kati ya magoti yake. Anatazama vidole vyake, simiti imekauka kwenye kucha. Kisha ameuliza, sauti ya chini:

"Baba Rispa, ni maji yangu?"

Mlango umefunguka. Akidor ananiita. Dhieu amenishika mkono aniongoze, hajanyanyuka bado, anangoja jibu