Kitovu ya Mutoto Itazikwa Wapi

Jumatatu, 1 Aprili 1963

Kamaradi wangu wa karatasi, mvua tena. Redio tatu zimeletwa hapa baraza ya butike ninapofanya ufundi, mtaa wa Asiatique, zote zimekunywa maji. Nimefungua mbili. Ya tatu naiangalia tu. Kichwa haiko kwa redio. Nimepata nyumba! Juu ya korongo ya mto Ntahangwa. Matofali, vyumba viwili, mabati mapya. Upepo! Kazini ni mwendo wa sigara moja. Nimemwambia bibi yangu Mwajuma: tunaacha chumba hiki cha kupanga mbele mutoto hajafika. Amecheka. Tumbo ikacheka naye.

Jumatano, 3 Aprili

Mwenye nyumba anataka jibu Jumapili. Kuna mutu mwingine anaizunguka. Mi silali. Nimechora ramani: hapa itapita lami, hapa shule, hapa taa. Nani kaniambia? Hakuna. Uhuru tumepata, mji lazima utanuke, utatanukia kwetu!

Mwajuma aliiangalia sana. Halafu, anakunja vinguo vya mutoto: "Na kitovu yake tutazika wapi?"

"Kwetu kule korongoni. Nyuma, chini ya muti."

"Muti gani?"

Sikumbuki kama kuna muti.

Ijumaa, 5 Aprili

Nilikwenda korongoni kuuliza majirani vitovu vya watoto wao viko wapi. Nia yangu nimuletee Mwajuma habari njema. Wanawake kwenye bomba walicheka mpaka ndoo zikamwagika. "Baba, we ndo mukunga?" "Ewe, njoo uone, mwanaume anatafuta vitovu!" Nikavumilia. Wa kwanza: iko mtaa wa Buyenzi, kwa mama yake. Wa pili: Buyenzi. Wa tatu akaacha kucheka. Yeye aliipeleka kwao, mkoa wa Ngozi, juu ya lori, mutoto mgongoni. Nikauliza, mbona mbali hivyo, hapa si kwako? Akanionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba. Mwaka jana jiko lake lilisimama pale. Sasa ni hewa.

"Hapa tunalala tu, baba. Udongo hii inatembea."

Nimerudi na hasira. Mabati mazuri vile!

Jumamosi, 6 Aprili

Sijamwambia Mwajuma. Mi mwoga.

Nimepanda kinga, baiskeli yangu, mpaka mtaa wa Kamenge, fundi mwenzangu alisema kuna nyumba. Mbali! Kinga nimeibeba mi, matope mpaka magoti. Nyumba ya udongo, chumba kimoja na nusu, mlango unakataa kufunga. Upepo hakuna. Nikaichukia. Jirani, mama mmoja, alikuwa anamenya muhogo. Nikamuuliza kwa haya. Huyu hakucheka. Akafuta mikono, akanitembeza. Muparachichi ule, kitovu ya wa kwanza. Mugomba huu, mapacha. Karibu na uzio ameacha nafasi. "Hii ni ya huyu," akagusa tumbo yake.

Nilitaka kulia. Sijui sababu.

Jumapili, 7 Aprili

Nimemwambia yote. Mwajuma akatoa machozi. Kamenge mbali na mama yake, atakayemukanda akizaa. Sikuwa nimefikiri hiyo. Hata kidogo. Mi kichwa mbao.

Mwisho akasema: "Mama atakuja na mukeka wake. Mlango utatengeneza?"

Nitatengeneza.

Nikaenda korongoni kusema apana. Yule mutu mwingine alikuwa ameshakaa barazani, anakunywa chai. Nikamwambia habari ya jiko. Akasema nina wivu. Nikarudia mara ya pili, polepole. Akacheka tu.

Ijumaa, 26 Aprili

Mutoto mwanamke! Mwajuma muzima. Mutoto ana sauti kama redio mbovu. Mi nimeanguka na kinga mara mbili leo. Siyo shauri ya matope.

Jumatatu, 6 Mei

Kitovu ilianguka jana. Asubuhi nimechimba hapa Kamenge, nyuma ya nyumba yetu. Mwajuma alikaa mlangoni, mutoto kifuani, mama yake nyuma na mukeka. Mama jirani alitupa chipukizi ya mugomba, nikaipanda juu yake. Nikakanyaga udongo kwa mguu mtupu. Baridi. Mzito. Imetulia.

Lami labda haitafika huku. Taa labda. Ramani nimeichana. Kesho ya kartie hii, mtaa huu wetu, mi sijui, kweli sijui. Mutoto anapiga chafya.

We kamaradi, ungekuwa na kitovu moja tu mkononi, ungezika wapi?