Karanga za Kwenye Kopo la Bluu

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mkate ufunikeni, sisimizi wamerudi.

~~Asiyekiri kula karanga zangu, leo chakula atakisikia harufu tu.~~

Jamani, nimewagombeza bure asubuhi, nisameheni. Nimeingia kumuaga bibi yenu, nikaona kinu cha vitunguu saumu uvunguni, kimejaa unga wa karanga. Kumbe kibogoyo wetu hutwanga tukishatoka! Na wakati nawafokea, alikuwa ananiitikia, “Watoto wa siku hizi!”

Msimwambie tumejua. Nimekaanga nyingine, ziko kwenye kopo lile lile. Atakayezigusa atanitambua.

Kifuniko nimekilegeza, msikikaze. Vidole vinamsumbua siku hizi.

Mama