Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na usiniambie "nzuri tu"! Mdogo wangu Ester ameshanisimulia kwamba ulikwenda kulima shamba la Singe likiwa limevimba. Jamani, Mama! Mimi mzima, ila baridi ya huku Uholanzi inaniingia mpaka kwenye meno.

Kuna jambo nilikuficha. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huu, na mkuu wa maabara alisema mwani wangu usipostawi, nirudi nyumbani. Ni ule ukijani unaouona kwenye maji ya ziwa letu. Sisi tunaukuza kwenye chupa ili tuukamue mafuta ya kuendeshea magari. Wangu ulidumaa. Nilichemsha kila kitu, nikasugua, asibaki bakteria hata mmoja. Wapi! Ukazidi kupauka, nami nikawa nalia chooni.

Chupa moja ikaingiwa na bakteria. Nilitakiwa kuimwaga, nikaisahau dirishani wiki nzima. Kurudi, Mama, imekolea kijani kama mboga ya mnafu!

Hapo nikakumbuka kibuyu chako cha mtindi. Nilikuwa darasa la sita, tumefundishwa habari za vijidudu, nikakisugua kwa sabuni na maji ya moto. Kibuyu ulichoachiwa na bibi! Maziwa yakawa yanaoza badala ya kuganda, na wewe hukunisemesha siku mbili. Nikaona unanionea bure, kumbe niliwaua vijidudu wazuri wanaogandisha mtindi.

Basi nikafanya kama wewe unavyobakiza mtindi kidogo kugandishia maziwa mapya: nikachukua kidogo kwenye chupa ile, nikatia kwenye zingine. Zote zikastawi, na tulipopima, mafuta yameongezeka. Kumbe bakteria wale wanaulisha mwani vitamini, nao mwani unawalisha sukari.

Mkuu akaniuliza wazo hilo nimelipata wapi. Nikasema kwa mama yangu. Akauliza unafundisha chuo gani! Nikamwambia uko nyumbani Bagara, una ng'ombe wawili.

Mkataba wameuongeza mwaka mzima. Nimefurahi, halafu nikalia, maana Krismasi hii tena sipo.

Msalimie Baba, Ester, na shangazi yangu muuza samaki pale sokoni.

Mama, miaka yote hii sijawahi kukuomba msamaha. Nisamehe kibuyu cha bibi. Nikija nitakamua mimi, kibuyu utaosha wewe.

Binti yako akupendaye sana,
Neema