Pesa za Gari Ninazo

Mjukuu wangu Yusta,

Nilikuambia sina cha kukuchangia kwenye gari la mashindano. Nilikuficha ukweli. Pesa ninazo, sehemu ya kiinua mgongo changu cha ualimu.

Hapa Kasulu mvua zimeanza. Shangazi yako amehamia Kakonko, nami nimebaki na kuku. Kifua hakinipi nafuu, na sidhani kitanipa.

Unauliza uchague gari gani. Chukua dogo, jepesi, ambalo vipuri vyake vinapatikana hata Kibondo. Langu na bibi yako lilikuwa hivyo. Katika mashindano yetu ya wenyeji, kutoka hapa kwenda Kibondo, tulikuwa tunaongoza. Tulipofika Nyakitonto tukamwona baba mkwe wangu kando ya barabara, ameegemea fimbo.

“Simama,” bibi yako akaniambia. “Baba hapitwi kama nguzo.”

Nikasimama. Bibi yako akashuka, akapiga magoti vumbini, wakasalimiana kwa makofi ya taratibu kama ilivyo desturi ya Waha, wakaulizana habari za ng'ombe na za majirani wote. Magari mengine yakatupita.

“Na nyie mbona hamkimbii kama wenzenu?” mzee akauliza, uso umemng'aa.

Tulifika wa mwisho, nami nikanuna wiki nzima. Siku hizi yule mzee namwelewa.

Pesa nimempa shangazi yako akutumie. Nilizizuia kwa sababu kila Jumapili unanipigia simu kuniuliza habari za magari, na niliogopa kwamba ukishalipata lako hutapiga tena.

Babu yako