Sheria ya Tisa Getini kwa Mama Elizabeti

Mpendwa Anti Magdalena,

Naomba msaada, lakini kwanza ujue unaongea na nani: mimi ndiye Bonaventura, mlinda geti hodari kuliko wote kutoka Mkiwa mpaka Singida mjini, mkuu wa chuo mwenyewe akifika kwangu anavua kofia na kupiga hodi mara tatu, na mbwa wa mtaa huu nusura wajifunze kuniamkia. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, lakini wasomi thelathini na wawili wanaingia na kutoka kwa kidole changu.

Hosteli ni nyumba ya Mama Elizabeti, maana siku hizi mabweni ya chuo hayatoshi na kila mwenye nyumba kubwa anapangisha wanafunzi, na yeye kaandika sheria nane kwenye kibao cha getini, kwamba hakuna kupika chumbani, nguo za ndani zisianikwe upande wa barabara, mgeni wa kiume mwisho wake benchi, geti linafungwa saa moja jioni, na nyingine za namna hiyo. Mimi nikaziona chache. Nikachukua chaki nikaongeza ya tisa: UJUMBE WOTE UPITIE KWA BONA. Zamani mtu akitoka kijijini na ujumbe aliingia moja kwa moja kwa Mama. Mama akacheka tu, "Haya, bwana mkubwa, umejipa cheo," na sheria ikabaki.

Sasa kuna Yasinta, mwanafunzi kutoka Kintinku, akipita ananitania, "Shikamoo, mheshimiwa waziri wa geti," nami siku hiyo hata ugali haupiti. Alipokubali twende wote kwenye michezo na muziki wa chuo Jumamosi mchana, nilitangazia mtaa mzima, na jinzi ya mtumba nikanunua.

Jumapili asubuhi ndipo nilipompa habari kwamba mama yake kazidiwa, anamwita. Akapanda basi analia, akakuta kaburi. Mama yake alifariki Ijumaa, wakamzika Jumamosi saa tisa. Ujumbe aliuleta Ezekieli, utingo wa lori la mpunga, kijana wa kwao, maana nyumbani simu hawana. Nyumbani wanasema walimtuma Alhamisi, Ezekieli anaapa aliufikisha Alhamisi hiyohiyo, mimi nikiulizwa nasema alipita Jumapili, na wamemwamini mtu wa geti. Sasa kijijini Ezekieli hapewi mkono, Antipasi kaka yake Yasinta kamwambia mbele ya watu, "Usikanyage tena hapa kwetu." Na Yasinta karudi, kanyoa nywele, kaniletea mchele wa kwao, "Kaka Bona, bila wewe hata hiyo Jumapili nisingejua." Ule mchele, Anti, sijaupika, uko chini ya kitanda. Rafiki zangu wanasema nihamie Arusha, yataisha.

Haya, niseme. Ezekieli alikuja Alhamisi saa nne asubuhi. Alitaka kuingia kwa Mama kama zamani, nikamwonyesha kibao. Akaniambia, "Mwambie Yasinta mama kazidiwa, mlango ukilia tu anauliza, Yasinta kafika?" Nikamjibu, "Ujumbe umefika, nenda salama." Nikajisemea watu wa kijijini kila homa wanaita kifo. Nilitaka nionekane naye Jumamosi. Saa tisa ile tulikuwa tunacheza.

Bona, Singida

MAJIBU

Bonaventura,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye mbwa. Ya pili sikucheka popote.

Mama wa watu kachukuliwa na ugonjwa, hilo usijibebeshe. Lakini Alhamisi saa nne magari yalikuwepo. Yasinta angepanda siku ileile, labda angemkuta anaongea. Hilo hulirudishi, na usiende kwake na "nisamehe" ukidhani utapewa hapohapo. Huenda asikutazame tena maisha yake yote. Ni haki yake.

Arusha nakukataza. Ukihama, Ezekieli atazeeka na uongo wako.

Kesho, mwombe Mama Elizabeti akae na Yasinta, useme mbele yao kila kitu, siku na saa. Usithubutu kusema ulifanya kwa kumpenda. Usimtwishe mtoto wa watu mzigo huo. Mchele mrudishie. Kisha panda basi uende Kintinku, uwaamkie wazee, umwambie Antipasi mbele ya watu walewale kwamba Ezekieli alifika Alhamisi. Wakikufukuza, uwe umeshasema. Ukirudi, kama kazi bado ipo, futa ile sheria kwa mkono wako.

Na kuna jambo umelipita haraka. Yasinta ulimwambia mama kazidiwa, anamwita. Ya mlango hukumwambia. Mama yake alikuwa akimwulizia kila mlango ulipolia, na mwanawe hajui mpaka leo. Maneno hayo ni yake, umeyakalia wewe. Mpe yote kama yalivyoletwa, usipunguze hata moja. Ndiyo kazi uliyojiandikia kwa chaki.