Breki za Kigari Chekundu

Mumbai, Jumapili

Kaka Homi,

Kigari ulichonitumia kimefika salama. Umetaka nikikague bila kukuonea haya, basi nimekikagua kwa lenzi ya fundi saa. Milango inafunguka, mshono wa viti unaonekana, na wekundu ni ule ule wa gari letu. Taa za nyuma wamezikuza mno. Mke wangu Khorshed ananicheka: "Mzee mzima unacheza na vigari?"

Ila nyuma ya magurudumu ya mbele wameweka breki kamili. Hapo hakifanani na letu.

Siku ile nilikuwa nimezifungua, sijazikaza. Mama hakujua. Alilipaka boneti alama nyekundu ya baraka, akalivisha shada la maua kama gari lililo tayari. Ukaliona shada, ukampakia dada yetu Nergish. Mimi nilikuwa dirishani. Niliona aibu kumharibia Mama baraka zake, nikanyamaza, nikidhani mtazunguka mtaa tu mrudi.

Miaka kumi na tisa, kila barua unaniomba radhi kwa kifo cha Nergish. Hukumuua wewe, kaka.

Kigari kiko mezani. Shada sijakivisha.

Mdogo wako,
Framroze