Kidonge cha Tezi na Wa Tumboni

Jumatatu, 4 Machi
Daftari, salamu kwanza. Baba watoto hajambo, mgongo tu. Mama mkwe hajambo, na mdomo wake pia haujambo. Kifungua mimba wangu hajambo, kang'oka jino. Mimi hivyo hivyo. Wa tumboni ndiye sijui.
Miezi minne sasa. Kutwa nashika pasi ya moto pale kwa dobi na bado naona baridi! Wenzangu jasho, mimi sweta. Wananiita Bibi Friji. Leo mkunga kanipapasa shingo, kanitoa damu.

Jumatano, 6 Machi
Majibu ya damu yametoka: tezi ya shingoni inafanya kazi kivivu. Kumbe mvivu si mimi! Nikacheka. Mkunga hakucheka. Eti mtoto anategemea homoni za tezi yangu, ndizo zinazosaidia kujenga ubongo wake. Zikipungua sana anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake, au mdogo, au akachelewa kujifunza. Kidonge kimoja kila asubuhi. Sikosi!

Alhamisi, 4 Aprili
Sijakosa hata siku moja. Na majibu ya damu bado mabaya!
Mkunga kauliza, unameza na nini? Nikajibu kwa fahari: pamoja na kile cha kuongeza damu, kwa chai ya maziwa, nisisahau. Akaweka kalamu chini. Mama wee! Kumbe cha damu kinakizuia cha tezi kisiingie mwilini. Maziwa vilevile. Cha tezi kwa maji matupu, kabla ya kula. Kile kingine mchana. Alishanieleza? Labda. Nilikuwa nawaza ubongo.
Wiki nne! Kwa mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa, 5 Aprili
Nimemkuta mama mkwe mlangoni mwa jiko na kikombe cha maji. Akasema, meza kidonge chako, chai nimeificha, usiitafute.
Nikamuuliza, mama, mtoto akichelewa kuongea je? Akasema mumeo hakutamka neno mpaka miaka mitatu, sasa nani wa kumnyamazisha? Nimecheka na machozi yangu.

Alhamisi, 2 Mei
Wametoa damu tena. Tumbo limepimwa kwa utepe, anakua. Ila ubongo utepe hauuoni. Mkunga kasema atapiga simu. Saa kumi hii, kimya. Karibu niunguze shati la mteja kwa kuiangalia simu.
Wewe humo ndani — homoni zangu zinakufika sasa? Mama anauliza. Nijibu upesi, mwanangu, hata kwa teke.